Jembe nimelishika miaka 13, mbona mwanangu bado mgeni?

Barua

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu ya usiku, na usingizi umenikataa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36, naishi Ujerumani tangu 2012, katika mji mmoja wa bonde la Ruhr, jimbo la Nordrhein-Westfalen. Nilikuja kama au-pair, nikalea watoto wa watu mwaka mzima, nikafanya mwaka wa kujitolea kwenye nyumba ya wazee, kisha nikasomea uuguzi wa wazee miaka 3. Katikati ya masomo hayo nikajifungua binti yangu. Baba yake ni Mtanzania mwenzangu, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo.

Binti sasa ana miaka 9, yuko darasa la nne. Kwa wasiojua, huku mtoto akimaliza darasa la nne wanatenganishwa. Kuna Gymnasium, inayomfikisha kwenye mtihani wa Abitur na chuo kikuu. Kuna Realschule, inayoishia darasa la kumi. Kuna Hauptschule, kwa wanaoonekana wazito wa masomo, na kuna Gesamtschule, inayowachanganya wote. Shule ya msingi ndiyo inayotoa pendekezo mtoto aende wapi. Mtoto hajamaliza hata kuota meno ya utu uzima, Shangazi, anapangiwa maisha.

Wiki mbili zilizopita niliitwa shuleni kwa mazungumzo hayo. Nilitoka kazini moja kwa moja, mikono bado inanuka dawa ya kuulia vijidudu. Tulikaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yakanifika kifuani. Mwalimu akafungua faili: Kijerumani 2, Hesabu 2, somo la mazingira na jamii 2, imla peke yake ndiyo 3. Huku 1 ndiyo ya juu na 6 ndiyo ya mkiani. Bibi yake kule Tanga aliposikia mjukuu kapata 2 alishtuka mpaka nilipomfafanulia. Basi nikawa natabasamu. Ndipo mwalimu akasema: "Tutampendekeza Realschule." Nikauliza sababu. Akasema binti ni mtoto mzuri, ana adabu, anajituma, lakini Gymnasium inataka mtu wa kumsaidia mtoto nyumbani, na "kwenu hilo ni gumu." Akafunga faili. Wakati nainuka akaniambia tuache kuongea Kiswahili nyumbani, tuongee Kijerumani tu, kwa sababu Kiswahili ndicho kinachomharibia imla.

Binti ana rafiki yake wanayekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Huyo ana 3 mbili, na amependekezwa Gymnasium. Mama yake ni mfamasia. Simwonei mtoto wa mwenzangu wivu, maana hesabu za nyumbani wanafanyia kwenye meza yangu, na binti yangu ndiye anayemwelekeza.

Kuna jingine, dogo, lakini limenikaa rohoni. Wazazi wengine mwalimu yule anawaambia "Sie", mimi ananiambia "du". "Sie" ni wewe ya heshima kwa watu wazima, "du" ni ya watoto au ya watu mliozoeana. Ni kama mtu aingie barazani, awaamkie watu wazima wote, wewe akupite kama mtoto.

Binti alikuwa anasubiri nje ya mlango na alisikia. Tangu siku hiyo nikimfuata shuleni anatembea hatua mbili mbele yangu. Nikimwita kwa Kiswahili getini ananijibu kwa Kijerumani, sauti ya chini: "Mama, si hapa."

Mume wangu anasema tusijitafutie maneno. Sisi wageni, na mgeni hukaa alipowekwa. Tukizozana na mwalimu, atakayeumia ni mtoto. Nami nakiri kwamba mikutano ya wazazi siendi. Inaanza saa moja na nusu jioni, saa ambayo mimi nakimbilia zamu. Mara moja niliyokwenda nilisimama na kikombe cha maji mpaka mwisho, hakuna aliyenisemesha.

Nishauri, Shangazi. Nilipinge pendekezo hilo au niliache lipite? Kiswahili nikizime? Na tukichukua uraia wa hapa, haya mambo yatakoma?

Mama wa darasa la nne, Ruhr

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu.

Nianze na baba wa mtoto, kwa heshima zote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelishika miaka 13. Unawaogesha wazee wao, unawalisha, unawafumba macho wanapokata roho usiku wakati watoto wao wako mbali. Kila mwezi mshahara wako unakatwa kodi, bima ya afya na pensheni, na wa mumeo vilevile. Umetoka Tanga, mji wa waja leo waondoka leo, lakini wewe ulikuja na hukuondoka. Na binti yenu hakuja kutoka popote, amezaliwa hapohapo. Kwa hiyo namwomba baba asilitamke tena neno "wageni" mbele ya mtoto. Mtoto aliyesikia mwalimu akisema kwao ni kugumu, kisha akamsikia baba yake akikubali, ataegemea wapi?

Sasa pendekezo. Kuna jambo ambalo huenda hukuambiwa pale kwenye kiti kidogo: katika jimbo lenu pendekezo halimfungi mzazi. Elimu Ujerumani ni mamlaka ya kila jimbo, ndiyo maana ushauri wa mtu anayekaa München, jimbo la Bavaria, haukufai. Bavaria wanadai wastani wa 2.33 ili mtoto aende Gymnasium, na asiyeufikisha anafanyiwa majaribio. Nordrhein-Westfalen mwenye neno la mwisho kuhusu aina ya shule ni mzazi. Pendekezo litakuja kwa maandishi pamoja na ripoti ya nusu mwaka, karibu na mwisho wa Januari, nalo hupitishwa na kikao cha walimu, si mwalimu mmoja. Utapewa na fomu ya kumwandikisha mtoto, utaipeleka mwenyewe kwenye shule unayoitaka. Gymnasium ikiona hana pendekezo lake itakuita mzungumze. Nenda, sikiliza, jibu, lakini uamuzi bado ni wako. Shule inaweza kukosa nafasi, hilo lipo, kwa hiyo uwe na ya pili akilini. Darasa la tano na la sita kule ni kipindi cha kupimwa, na mwisho wake walimu huamua kama mtoto anaendelea.

Kwa kuwa barua yako imenifikia kabla ya Januari, usingoje. Andika leo, mistari mitatu inatosha, uombe mazungumzo ya pili kabla ya kikao cha walimu. Uliza mambo mawili tu: ni alama gani au kazi gani ya darasani inayoonyesha kwamba Gymnasium haimfai, na je, sababu hizo zinaweza kuandikwa? Sentensi yake ni hii, iweke mfukoni: "Bitte begründen Sie das schriftlich." Tafadhali nieleze sababu kwa maandishi. Ujerumani ni nchi ya karatasi, mwanangu. Neno "kwenu ni gumu" linatamkika kirahisi mlango ukiwa umefungwa, lakini kuliandika na kulitia sahihi ni kazi nyingine kabisa. Nenda na mtu, awe mumeo au rafiki anayeandika haraka. Na mchukue ripoti zake zote tangu darasa la tatu.

Wala usidhani unajitungia mambo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mannheim waliwapa wanafunzi wa ualimu imla wasahihishe. Imla ileile, makosa yaleyale, ila nusu yao waliambiwa mwandishi anaitwa Max na nusu wakaambiwa anaitwa Murat. Murat akapewa alama mbaya zaidi, ingawa makosa waliyahesabu sawasawa. Na ule utafiti mkubwa wa usomaji wa darasa la nne, IGLU, umeonyesha mara kwa mara kwamba mtoto wa mfanyakazi wa mikono anahitaji kusoma vizuri zaidi kuliko mtoto wa mwenye cheo ndipo mwalimu amwone anafaa Gymnasium. Ninakuambia haya ili usije ukakaa usiku ukijilaumu kwamba wewe ndiye uliyemponza mtoto.

Tumtendee haki na mwalimu. Sidhani anamchukia binti yako. Shule ya Ujerumani Magharibi ilijengwa kwa kudhani kwamba mtoto anatoka saa sita au saa saba mchana na nyumbani kuna mama anayemngoja na chakula, kisha anakaa naye kwenye vitabu mpaka jioni. Mama huyo wa nyumbani ndiye mwalimu wa pili asiyelipwa. Asiyekuwa na mama wa namna hiyo anahesabiwa ana upungufu, awe Mtanzania, Mturuki au mtoto wa Mjerumani anayeuza dukani. Ndiyo sasa wanaanza kurekebisha: kuanzia mwaka wa shule wa 2026/27 mtoto wa darasa la kwanza atakuwa na haki kisheria ya kubaki shuleni mchana akiangaliwa. Binti yako hataiwahi haki hiyo. Lakini ukilielewa hilo utajua swali la mwalimu linajibiwaje. Akisema nani atamsaidia, mwambie kwa majina na siku: Jumatatu baba, Jumatano maktaba ya mji, Alhamisi mwalimu wa ziada. Kama mnapata ruzuku ya kodi ya nyumba, Wohngeld, au nyongeza ya mtoto, Kinderzuschlag, mna haki ya kuomba masomo ya ziada yalipiwe na serikali. Wenzetu wengi hawaombi kwa aibu.

Usiiwekee Gymnasium roho yako yote, hata hivyo. Mimi nimelea watoto wawili hukohuko. Mmoja alipita Gymnasium, mwingine Gesamtschule, na wote wana Abitur. Gesamtschule nzuri inamfikisha mtoto darasa la kumi na tatu bila kumtenga na wenzake akiwa na miaka 10, na walimu wake wengi wamezoea watoto ambao nyumbani kuna lugha mbili. Tembeleeni zote siku za milango wazi, binti awepo, mtazame vyooni, mtazame ubao wa matangazo, mtazame nani anacheka na nani uwanjani. Ninachokataa mimi ni mlango kufungwa kwa sababu ambayo haimo kwenye alama zake.

Ikitokea wamekupuuza kabisa, jimbo lenu linagharamia vituo vya ushauri dhidi ya ubaguzi, vingi viko ndani ya mashirika kama Caritas, AWO na Diakonie. Ushauri ni bure, na wanaweza kukuandikia barua au kukaa nawe kwenye kikao. Ile sheria ya nchi nzima ya kutendewa sawa, ya mwaka 2006, inakulinda zaidi kazini na kwenye kutafuta nyumba. Kwa shule za serikali haifiki vizuri, na Berlin ndilo jimbo lililotangulia kuziba pengo hilo kwa sheria yake ya 2020. Kwa hiyo kwako anza na kituo, mahakama iache kwanza.

Hilo la "du" limeniuma kuliko ulivyodhani litaniuma. Usilipite. Safari ijayo akikuambia "du", tulia, mtazame, sema: "Ich möchte gern beim Sie bleiben." Ningependa tuendelee kuitana Sie. Usiombe radhi, usicheke kupunguza makali, na wewe endelea kumwita Sie kama kawaida. Mwanzoni sauti itatetemeka. Mimi ilinitetemeka, kwa bwana mmoja mwenye nyumba, na mpaka leo nakumbuka nilivyoshika kamba ya mkoba. Alikohoa, akanyoosha koti, akasema Sie tangu siku ile.

Kiswahili usikizime hata siku moja. Hakuna sheria ya Ujerumani inayomwamuru mtu aongee lugha gani sebuleni kwake. Mwaka 2014 chama cha CSU cha Bavaria kiliandika kwenye rasimu yake kwamba wahamiaji wahimizwe kuongea Kijerumani hata ndani ya familia. Kilichekwa nchi nzima, na katibu mkuu wa chama ndugu cha CDU, Peter Tauber, alisema wazi kwamba si kazi ya siasa kuingilia lugha ya nyumbani kwa mtu. Wakailegeza. Jimbo lenu lenyewe linalipa walimu wa kufundisha watoto lugha za wazazi wao mashuleni, Kituruki, Kiarabu na nyinginezo. Lingeamini lugha ya nyumbani ni sumu, lingelipa? Imla ya Kijerumani inawatesa hata Wajerumani wenyewe, na herufi zao kubwa kwa kila jina la kitu na konsonanti mbilimbili zisizosikika. Dakika 10 kila siku za kuandika kwa mkono zitaiondoa hiyo 3. Kumnyamazisha bibi wa Tanga kwenye simu hakutaongeza alama.

Kuna mtu nataka umsimulie binti yako. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye chuo cha lugha za Mashariki, kwa sababu Wajerumani waliokuwa wakitumwa Afrika Mashariki walikihitaji. Baadhi ya wanafunzi walikataa kumheshimu kwa ajili ya rangi yake, na mwaka 1905 akaiacha kazi ile. Alikuwa ameoa Mjerumani, na alipotaka kurudi naye nyumbani walizuiwa kushuka Dar es Salaam. Alifia Berlin mwaka 1927. Msimulie yote, na lile la kuumiza usilifiche, maana ana miaka 9 na ameshaonja. Halafu mwambie kwamba lugha aliyoifundisha Mtoro leo inasomwa na Wajerumani kwenye vyuo vikuu vya Leipzig, Hamburg na Köln, na kwamba Bayreuth wamekuwa wakifanya kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980. Köln kutoka kwenu ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Mpeleke siku moja aone mlango ambao ndani yake Mjerumani mtu mzima anahangaika na ngeli ambazo yeye anazitumia akipiga mswaki.

Getini usimlazimishe. Mwache ajibu kwa Kijerumani kama anataka, ila wewe muage kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona. Akiona wewe huoni haya, haya zake zitakosa mwenzake.

Kuhusu uraia, nikujibu bila kukusukuma. Tangu 27 Juni 2024 muda wa kusubiri umeshuka kutoka miaka 8 hadi 5, na Ujerumani haimtaki tena mtu aukane uraia wake wa kwanza. Ada ni euro 255 kwa mtu mzima na 51 kwa mtoto anayeombewa pamoja na mzazi. Ila Tanzania bado haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Jirani yako Mkenya ana nafuu hiyo tangu Katiba ya 2010, wewe huna. Hilo mkae wawili, mlizungumze taratibu, mkikumbuka viwanja, mirathi na wazazi. Pasipoti haitamzuia mwalimu kukuambia "du". Itakupa kura. Sasa hivi huna kura hata ya diwani, katika nchi ambayo Februari 2025 chama cha AfD, kinachofanya kampeni dhidi ya wahamiaji, kilipata asilimia 20.8 na kushika nafasi ya pili. Mimi hiyo asilimia ndiyo iliyonipeleka kujaza fomu, baada ya kusitasita miaka mingi. Na binti yako, akiwa raia, hana kiti asichoweza kukigombea. Muonyeshe picha ya Aminata Touré, aliyezaliwa Neumünster mwaka 1992, wazazi wake wakimbizi kutoka Mali, na tangu 2022 ni waziri katika serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein.

Limebaki la mikutano ya wazazi, na hapa nakugombeza kidogo kama mama. Nenda. Badilishana zamu na mwenzako mara mbili kwa mwaka, au umtume baba. Najua kile kikombe cha maji. Mimi changu kilikuwa cha kahawa, nikasimama karibu na dirisha nikijifanya natazama michoro ya watoto, mpaka mama mmoja mfupi mwenye miwani akaniuliza: "Wewe ni mama wa nani?" Nikamtaja mwanangu. Kuanzia hapo nikawa mama wa fulani, kama vile ambavyo ningeitwa kule Chumbageni, Tanga. Nikagundua na wao wanaitana hivyohivyo, nusu yao hawajuani majina. Wengi hawakusemeshi kwa sababu na wao wanaogopa kuanza. Wengine hawakusemeshi kwa sababu nyingine, na hao utawajua, waache. Lakini kwenye chumba hicho ndiko wazazi wanakoambizana mapema shule gani ina nafasi, mwalimu gani anasikiliza, nani anafundisha hesabu kwa bei nafuu. Mama mfamasia hayo aliyasikia huko. Anza naye yeye, tena mpigie kesho, watoto wenu tayari wanakula meza moja. Muulize pendekezo la mwanawe lilizungumzwaje. Huenda ukapata shahidi pale ulipodhani una mshindani.

Niandikie Februari, fomu ikishapokelewa. Uniambie pia kama getini bado anatangulia hatua mbili.

Shangazi